Gezaulole: Jaribu Uone!

Mpenzi msomaji, kuna wanawake wakitimiza miaka kumi ya ndoa wanapelekwa Zanzibar, wanalazwa kwenye hoteli yenye bwawa, wanamwagiwa maua kitandani mpaka wanakosa pa kulala. Shoga yangu mmoja alivishwa pete mpya mbele ya wakwe zake, akalia, na sisi tukalia naye. Mimi nilinunuliwa sinki la choo.

Jeupe, la kukaa, na mfuniko wake. Alilichagua Baba Watoto mwenyewe, Gerezani pale Kariakoo, akaligongagonga kwa kidole kama mtu anayechagua nazi, halafu akanigeukia na uso uliojaa mapenzi: “Mama, hili haliwezi kupasuka hata miaka ishirini.” Nikapiga hesabu kimoyomoyo. Miaka ishirini ijayo nitakuwa na hamsini na nane. Kumbe mimi na hili sinki tunazeeka wote!

Ilikuwa Jumamosi ya Desemba 2024. Gari letu lilikuwa gereji (gari letu huwa gereji, likitoka huwa limekuja kutusalimia tu), kwa hiyo Daraja la Nyerere lenye mita zake 680 na kamba zake za kupendeza halikutuhusu siku ile. Tukapakia sinki kwenye guta mpaka Feri, tukalipia kijana wa mkokoteni, tukagusisha kadi getini, tukaingia kwenye lile banda la kusubiria pantoni pamoja na nusu ya wakazi wa Kigamboni.

Kama hujawahi kuvuka pale, wee acha tu. Harufu ya samaki wa soko la Feri inakusindikiza, jasho la jirani yako linakuwa lako, na geti likifunguliwa hakuna cha mama wala cha bosi, watu wanamwagika kama mchele uliotoboka gunia. Ndani tukapata nafasi pembeni ya chombo. Sinki tukaliweka katikati yetu, nimelifunga khanga lisikwaruzwe. Ungetuona ungedhani ni mtoto wetu wa tatu, kanyamaza kwa adabu.

“Hongera dada, mnahamia?” akaniuliza mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa.

“Tunajitahidi, mama.”

“Mmejenga wapi?”

“Gezaulole.”

Akacheka. “Haya, mmejaribu, sasa mtaona.”

Kwa wasiojua, Gezaulole ni jina la Kizaramo, maana yake jaribu uone. Zamani pale paliitwa Mbwamaji, mji mkongwe wa Waswahili wa pwani wenye makaburi yake ya kale. Hili la Gezaulole lilishika wakati wa vijiji vya ujamaa, watu walipopelekwa kuanza maisha mapya. Sijui aliyelichagua alikuwa anatia moyo au anatisha. Ninachojua ni kwamba kwa mtu anayejenga nyumba huku ana mume, wangeliandika mlangoni.

Kiwanja tulikinunua Machi 2014. Tulikuwa wachumba. Dalali alitupeleka na pikipiki, mishikaki, watu watatu, akatusimamisha chini ya mkorosho na kutuambia kwa kujiamini kwamba kutoka pale mpaka Posta ni dakika ishirini. Dakika ishirini za malaika labda! Daraja halikuwepo, lilikuja kufunguliwa Aprili 2016. Tangu mwaka 2008 kulikuwa na habari za mpango wa mji mpya wa Kigamboni, na watu wengi hawakujua wajenge au waache, wauze au wang'ang'anie. Hata pantoni lilikuwa na siasa zake: Januari 2012 nauli ilipanda kutoka shilingi mia moja hadi mia mbili, wananchi wakalalamika, na aliyekuwa Waziri wa Ujenzi, John Magufuli, akawajibu kuwa anayeona ghali apige mbizi. Miaka minne baadaye, akiwa Rais, ndiye aliyekuja kuwafungulia daraja. Nadhani hiyo ndiyo lugha ya mapenzi ya wanaume wa umri fulani. Kwanza anakuambia uogelee, baadaye anakujengea.

Basi tukanunua, mita 20 kwa 25, shilingi milioni tano na nusu. Milioni tatu zake. Milioni mbili na nusu zangu, za mchezo niliokuwa nacheza na wenzangu ofisini, nikabembeleza mpaka wakanipa zamu ya kwanza. Shika hapo kwenye hiyo mbili na nusu, tutairudia.

Desemba tukafunga ndoa, na mwezi uliofuata tukachimba msingi. Jamani, msingi raha! Msingi unachimbwa na watu wanaopendana. Tulikuwa tunakwenda kila Jumamosi na chupa ya chai na vitumbua, tunasimama ndani ya mitaro: hapa sebule, hapa chumba chetu, hapa choo cha ndani, hapa baraza ambapo Baba Watoto atakaa jioni kusikiliza mpira redioni. Jiko nikaliomba liwe na dirisha la mashariki nipate upepo wa bahari. Akasema hata ukitaka madirisha manne.

Kuta zikaanza nilipokuwa na mimba ya kwanza. Zilifika usawa wa madirisha, mtoto akazaliwa, zikasimama. Lenta tulifunga 2017. Bati tulipanga 2018, ada ya shule ikala bati. Tukapanga tena 2020, corona ikaja, matangazo ofisini yakakauka na mishahara ikawa inatoka kwa kudonoa. Bati likapanda 2021, msauzi rangi ya maruni. Siku hiyo nilitoa machozi, nusu ya furaha na nusu ya deni.

Sasa msomaji wangu, kuna jambo moja linalonisumbua tangu zamani. Nyumba ambayo haijaisha tunaiita boma. Nyumba iliyotelekezwa haijaisha tunaiita pagale. Zote hazina madirisha. Zote zina majani ndani. Mbuzi wanalala humo na humo. Ni lini hasa, siku gani na saa ngapi, boma linageuka kuwa pagale? Hakuna anayekupigia simu kukuarifu. Kuna miezi kumi na moja mwaka 2019 hatukukanyaga Gezaulole, na nyumbani Sinza tulikuwa tunaongea mambo matatu tu: ada, kodi, na nani kamaliza gesi. Tulipokwenda tukakuta mpapai umeota katikati ya sebule, mrefu kunizidi. Baba Watoto akauangalia, akaniangalia, akasema, “Angalau kuna mtu anakaa.” Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nadhani mpapai ule ndio uliotuokoa, lakini hiyo ni habari ya toleo jingine.

Turudi kwenye pantoni. Siku ile tulikuwa na safari mbili kwa mpigo. Ya kwanza kupeleka sinki, fundi wa bomba alikuwa ameapa kwa mama yake kwamba atatusubiri. Ya pili kwenda ofisi ya serikali ya mtaa, maana zoezi la urasimishaji lilikuwa limefika kwetu. Wapima walishaweka bikoni, sasa walikuwa wanajaza fomu za wamiliki ili baadaye hati zitoke. Baba Watoto alibeba bahasha ya kaki yenye karatasi zote za kiwanja. Mkono mmoja bahasha, mkono mwingine kamshika mgeni wetu mweupe asianguke.

Meli kubwa ya makontena ilikuwa inaingia bandarini, pantoni likasubiri ipite. Kwa kukosa la kufanya nikachukua bahasha, nikatoa mkataba wa mauziano. Sikuweza kuusoma. Nikausogeza mbali. Nikausogeza mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha.

“Chukua,” akasema Baba Watoto, akanipa miwani yake ya elfu tano ya Kariakoo.

Mimi mhariri, naishi kwa kusoma, nimevaa miwani ya mume wangu mbele ya watu mia tano. Lakini kwa mara ya kwanza katika miaka kumi nikausoma ule mkataba mstari kwa mstari. Muuzaji, fulani. Mnunuzi, mume wangu, majina matatu. Shahidi wa mnunuzi, kaka yake mkubwa. Muhuri. Sahihi. Nikageuza nyuma. Hakuna kitu.

Siku ya kusaini nilikuwa kazini, nilikumbuka. Nilimtumia pesa kwa simu na nikamwandikia “hongera kwetu”.

“Baba, hiki kiwanja ni cha nani?”

“Chetu.”

“Karatasi inasema chako.”

“Si tulikuwa hatujaoana, Mama.”

“Pesa yangu ilikuwa imeoana na yako.”

Mama wa dagaa akasogeza ndoo karibu. Kijana mwenye vipokea sauti akatoa kimoja sikioni. Baba Watoto akatazama meli ya makontena kana kwamba ana mzigo wake humo.

Ngoja nikuambie kilichoniuma. Si kwamba nilimwona mwizi. Ni kwamba makala za mambo haya nimezihariri mimi, kwa mkono wangu, nisizozijua idadi. Nimewaandikia wanawake wenzangu kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Nimewaandikia kwamba kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa pamoja. Nimewaeleza kesi ya Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani nazo ni mchango (ingawa Bi. Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwa sababu ilionekana pesa aliyopewa na mumewe huko nyuma aliitumia vibaya, hilo huwa tunalisahau kwenye semina). Nimeweka na vichwa vya habari vya kuchekesha na picha ya mwanamke ameshika kiuno. Bahasha yangu mwenyewe sikuwahi kuifungua. Fundi seremala kitanda chake kinasimamia matofali, ndiyo mimi.

Pantoni likagusa ng'ambo. Tulishuka bila kusemeshana. Goti langu la kushoto likalia kah! nilipokanyaga ngazi, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Barabara ya Mjimwema mpaka Gezaulole ni nzuri hata ukiwa umenuna. Minazi, mikorosho, vibao vya viwanja vinauzwa, geti la hoteli ya ufukweni, bahari inachungulia na kujificha. Na maboma, maboma, maboma! Kila baada ya hatua kumi kuna ndoto ya mtu imesimama kwenye lenta. Nikawa nayatazama yote kutoka kwenye bajaji, sinki liko mapajani kwa mume wangu, na kila moja najiuliza, karatasi ya hili ina majina mangapi?

Ofisi ya serikali ya mtaa tulikuta foleni chini ya mwembe. Mjaza fomu alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na aliponiona akainuka.

“Shikamoo mama.”

Nikageuka nyuma kuangalia anamsalimia nani.

“Marahaba,” nikasema, na kitu fulani ndani yangu kikakaa chini.

Akachukua mkataba, akauliza namba ya bikoni, akaandika. Kisha: “Mzee, umiliki ni wa mtu mmoja au wa pamoja?” Baba Watoto ana miaka arobaini na mitatu, na yeye alipokea hilo la mzee bila kuguna.

Kimya. Kijana akadhani hatujaelewa, akatueleza kwa upole, kama tunavyowaeleza wazazi wetu jinsi ya kutuma pesa kwa simu. Mkiwa wanandoa, alisema, mnaweza kumiliki pamoja, maana yake mmoja akitangulia mbele ya haki, yule anayebaki anakuwa mwenye nyumba yote. Au mnaweza kumiliki kwa hisa, nusu kwa nusu mkipenda, na hapo mmoja akitangulia, hisa yake inakwenda kwa warithi wake. Au anaandikwa mmoja tu.

Akikutangulia. Akitangulia. Ulikuwa unaingia ofisini kuulizia choo, unatoka unachagua nani anazikwa kwanza.

“Niwasiliane na bro kwanza,” akasema Baba Watoto. “Tutarudi wiki ijayo.”

Sikusema neno. Nilimshika sinki langu, tukaenda kwenye nyumba. Fundi wa bomba hakuwepo, na simu yake ilikuwa haipatikani, Mungu amrehemu mama yake kwa kiapo kile. Nikaliweka sinki chini ya mkorosho, nikalikalia. Ndiyo, nilikaa. Mwanamke wa miaka thelathini na nane mwenye shahada ya mawasiliano, amekaa juu ya sinki la choo porini, anatazama nyumba yenye bati la maruni, anashindwa kuwasiliana na mtu mmoja.

Mzee jirani, anayetuangalizia kiwanja, akapita na jembe lake. “Shikamoo mzee.” “Marahaba mwanangu. Hicho ndicho kiti cha kwanza? Mmeanza vizuri.” Akaenda zake.

Baba Watoto akaja baada ya muda, akakaa juu ya kizingiti cha baraza lake. Akaanza kung'oa ukoka. Halafu akasema, bila kuniangalia, jambo ambalo miaka kumi hakuwahi kunisimulia lote. Nilijua baba yake alifariki 2003. Nilijua mama mkwe alihamia kwa dada yake. Sikujua kwamba siku ya arobaini baba zake wadogo walikuja na mkataba wa nyumba, wakausoma kwa sauti mbele ya msiba, jina moja tu, na mama akaambiwa achukue vyombo vyake. Yeye na kaka yake ndio waliobeba kabati. Ndiyo maana 2014 alimtaka kaka yake ashuhudie. Alidhani akiwepo kaka, hakuna atakayemnyang'anya.

“Kukunyang'anya wewe,” nikasema.

Aliacha kung'oa ukoka.

“Baba, aliyetolewa nje siku ile hakuwa baba yako.”

Alikaa pale kitambo. Bahari ilikuwa inasikika, na kuku wa jirani walikuwa wanaingia sebuleni kwetu kwa mlango ambao bado hauna mlango. Mwisho akasimama, akajipangusa suruali, akasema anarudi. Nikadhani anakwenda kumpigia bro. Simu yake ilikuwa imebaki juu ya kizingiti.

Zikapita kama dakika ishirini, hizi za kweli, siyo za dalali. Nikamwona anakuja nyuma mbio mbio, jasho linamtiririka, tumbo linamtangulia, kavaa miwani na peni kaiweka sikioni.

“Mama! Jina lako la tatu linaandikwaje?”

“Unasemaje?”

“La babu yako. Wanataka kama kwenye kitambulisho cha taifa. Nimeandika kwa R akasema mfumo umekataa.”

Msomaji, mwanamume huyu amelipia mahari kwa jina hilo. Limeandikwa kwenye cheti cha ndoa kilichotundikwa sebuleni juu ya televisheni. Nikamtajia herufi moja moja, kwa L, huku anaandika kwenye kiganja, anarudia kama mtoto wa darasa la kwanza.

“Na umechagua ipi?” nikamuuliza.

“Ile ya kwanza. Anayebaki anabaki nayo yote.” Akafikiri. “Kwa hiyo acha kunitilia chumvi nyingi.”

Akageuka akakimbia tena. Siku hizo daktari alikuwa amemwambia atembee, presha ilikuwa imeanza kumbisha hodi, kwa hiyo sikumwonea huruma.

Fundi wa bomba alikuja Jumanne. Sinki kalifunga vizuri, maji yanakwenda, ila kalielekeza dirishani badala ya mlangoni, kwa hiyo ukikaa unaiona bahari. Tumelikubali hivyo hivyo. Tulihamia mwishoni mwa Januari kabla mwenye nyumba wa Sinza hajadai kodi ya miezi sita mingine, tukiwa na vyumba viwili vyenye sakafu na kimoja chenye dari. Mlango wa choo bado haujanunuliwa. Utaratibu wa nyumba ni kwamba aliyeko ndani anaimba. Watoto wanaimba za shule, mimi naimba taarabu, na Baba Watoto, ambaye hajui wimbo wowote mpaka mwisho, anatangaza mpira.